Chenso ya kwenye gari iwe ndogo

"Chukua kubwa, kaka. Hizi ndogo ni za kuchezea."

Kauli hii nimeisikia kwenye kaunta za maduka kuanzia Korogwe mpaka Lushoto. Mwezi uliopita nimeisikia tena, nikiwa nimesimama nyuma ya mfanyabiashara wa kabichi aliyekuwa na shida moja tu: apate msumeno wa mnyororo, hii tunayoiita chenso, wa kuweka kwenye kirikuu chake kwa ajili ya miti inayoanguka barabarani wakati wa masika. Aliingia akiwa na hela ya chenso ndogo nzuri. Akatoka na limashine la bei hiyo hiyo, baa ya inchi 22, jina ambalo sijawahi kuliona, na halikuingia nyuma ya kiti. Alilifunga kwa manila juu ya matenga ya nyanya, mnyororo ukiwa wazi.

Siku ile nilinyamaza, kwa kuwa si adabu kumwingilia mtu biashara yake mbele ya mteja. Leo sinyamazi, kwa sababu ninaona kauli hii inawala watu hela na mmoja imemla mguu.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kazi gani. Huku kwetu milimani, masika ya Machi mpaka Mei yakikolea, udongo wa kingo za barabara unalegea na mikaratusi iliyopandwa ukingoni inalala. Mgrevilea wa kwenye matuta nao unavunjika, mwati hauhitaji hata upepo mkali. Fuso la mboga linapakia jioni ili lifike sokoni Dar es Salaam kabla hakujakucha. Mti mmoja ukilala kati ya Mlalo na Lushoto, au kwenye kona za kushuka Mombo, gari hilo linafika saa tatu asubuhi badala ya saa kumi usiku, na bei ya saa kumi si bei ya saa tatu. Halafu dereva akirudi, anayekatwa hela ni nani? Ni mkulima. "Mzigo wako ulichelewa, mzee, umeuzwa kwa hasara." Kwa hiyo usiseme habari ya chenso ya kwenye gari ni ya wenye magari. Ni yako wewe uliyelima kabichi.

Sasa, mti unaolala barabarani una unene gani? Mimi nina mazoea ya kubeba futi ya cherehani kwenye koti la mvua. Nazungusha kwenye shina, nagawa kwa tatu, napata upana. Mingi niliyopima ikiwa imefunga njia ni ya sentimita 20 mpaka 35 pale inapovuka barabara, maana kinachovuka barabara mara nyingi si shina la chini, ni kiuno cha mti kwenda kileleni. Baa ya inchi 14 ni sentimita 35. Ukikata upande huu kisha ukahamia upande wa pili, inamaliza gogo nene zaidi ya hilo. Wala huhitaji kuukatakata mti wote kama unaandaa kuni za harusi. Mikato miwili, kipande kimoja kinavutwa kwa kamba na gari au kusukumwa na vijana wanne, njia imepatikana.

Kwa hiyo hiyo inchi 22 ni ya nini?

Nitawapa mifano ya mashine mnazoweza kuulizia kwa majina. Stihl MS 170 ina injini ya cc 30 hivi na uzito wa kama kilo 4 kabla ya kuweka baa, mnyororo na mafuta. Ndugu yake MS 180 inamzidi kidogo nguvu, uzito ni ule ule. Husqvarna 120 ina cc 38 na inakaribia kilo 5. Upande wa pili kuna Stihl MS 070, ile babu ya wapasua mbao, ya cc 106 hivi na zaidi ya kilo 10 ikiwa tupu. Ile ni mashine ya heshima, imejenga nyumba nyingi nchi hii. Lakini ilitengenezwa kwa mtu anayesimama msituni siku nzima akipasua gogo, mwenye miguu iliyokomaa na msaidizi pembeni. Haikutengenezwa kwa dereva aliyeamka saa nane usiku, amesimama kwenye tope, tochi kainasa kwenye meno, mvua inampiga usoni. Kilo 4 na kilo 10 dukani unaweza kuona ni jambo la kucheka. Gizani kwenye tope hazichekeshi.

Hapa ndipo nieleze habari ya mguu. Kijana mmoja, utingo wa gari la mizigo, aliazimwa chenso kubwa ya zamani na mtu wa kijijini pale njia ilipofungwa. Ilikuwa ya zile zisizo na breki ya mnyororo. Hakuwa mzembe, alikuwa anaharakisha ili mzigo wa watu ufike. Ncha ya baa ikagusa tawi lililokuwa limejificha nyuma ya majani, mashine ikaruka na kumrudia. Wenzake walimfunga shuka wakamkimbiza hospitali na gari lile lile. Yupo hai, tunasalimiana gulioni. Lakini magunia hapandishi tena, na kwa utingo hiyo ndiyo ajira.

Sisemi chenso ndogo haimrudii mtu. Inaruka vilevile. Ukigusa kitu kwa robo ya juu ya ncha ya baa wakati mnyororo unazunguka, hata ya kilo 4 inakuja usoni. Nachosema ni kwamba ndogo za sasa zina breki mbele ya mkono wa kushoto inayojifunga yenyewe mashine ikirushwa nyuma, na uzito wake mkono unauweza. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, usukume breki mbele, mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, iache hapo hapo kwenye kaunta. Na muuzaji akikwambia "hiyo breki mafundi huwa tunaitoa, inasumbua," huyo usinunue kwake hata msumari.

Kuna hoja ambayo naiheshimu, kwa hiyo nitaijibu taratibu. Wengi mnasema: "Bwana shamba, mimi sina hela ya kununua chenso mbili. Nikinunua kubwa, itafungua njia na itanipasulia mbao." Inaonekana ni akili ya mtu mwenye hesabu. Lakini fuatilia chenso kubwa ya kijijini uone inalala wapi. Leo iko kwa shemeji anapasua mbao za paa, kesho imeazimwa msibani kukata kuni, keshokutwa iko kwa fundi inasubiri pistoni. Usiku mti ukianguka, kwenye gari hakuna kitu. Ndogo haiazimwi sana kwa sababu haipasui mbao, na huo kwangu ni uzuri wake wa kwanza. Inakaa kwenye gari. Kuhusu mbao, mtafute mpasuaji mwenye mashine yake na ujuzi wake umlipe kwa kazi. Utaokoa hela, na mbao zitanyooka.

Nimeona pia kikundi cha wakulima kilicholetewa chenso kubwa na mradi fulani, ambao sitautaja. Zaidi ya nusu ya wanakikundi ni akina mama. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuvuta kamba ya kuwashia mpaka injini iitike. Ikakaa ofisini miezi, kisha ikahamia kwa mwanachama mmoja mwanamume "kwa ajili ya kuitunza". Anaitunza mpaka leo. Huku mama mmoja anayenunua karoti upande wa Mlola, mwenye kirikuu kinachoendeshwa na mwanawe, amenunua ndogo ya inchi 14 na huwa anaiwasha mwenyewe. Nilimkuta njiani Mei iliyopita, kanga kiunoni, amekata mgrevilea vipande viwili wakati madereva watatu wa malori wamesimama wanabishana nani ana simu yenye chaji.

Sasa niseme na wauzaji, maana baadhi yenu huwa mnanisoma. Kuna mchezo mnafanya: mnachukua injini ndogo mnaifunga baa ndefu ili mteja aone amepata kikubwa. Huo ni uharibifu. Pampu ya oili ya injini ndogo imepimwa kulainisha baa fupi. Ukiweka ya inchi 20, mnyororo unakauka nchani, baa inabadilika rangi kwa joto, klachi inaungua, na mteja anarudi kulalamika kwamba "hizi ndogo ni mbovu". Si mbovu, mmezivisha viatu vya baba yao. Injini ya cc 30 iwe na inchi 12 au 14, basi. Inchi 16 ni kwenye cc 38 au 40, na hata hapo ni kama kweli una sababu.

Mchezo wa pili ni stika. Kuna chenso zimeandikwa 5800, na mteja anaambiwa ni cc 58. Nyingi za mtindo huo ukizifungua, tundu la silinda ni milimita 45.2 na mwendo wa pistoni ni milimita 34. Piga hesabu kwa kalkuleta ya simu: nusu ya tundu zidisha kwa nusu ya tundu, zidisha 3.14, zidisha mwendo wa pistoni, gawa kwa 1,000. Unapata 54 na ushee. Siyo 58. Mtu anayekudanganya kwenye namba iliyobandikwa ubavuni, kwenye ubora wa chuma cha ndani atakuambia ukweli kwa lipi? Sisemi kila chenso ya Kichina ni takataka, zipo zinazofanya kazi miaka. Nasema nunua yenye vipuri vinavyopatikana mjini kwako na fundi anayeijua, na uulize kabla ya kulipa, si baada ya kuharibika. Na hata jina kubwa likikuvutia, fahamu kuwa majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi. Mashine halali ina namba yake imepigwa kwenye mwili, si kwenye karatasi tu. Risiti iandikwe namba hiyo. Duka lisilotaka kuiandika limekwisha kukujibu.

Mchezo wa tatu ni mpya, nao umeingia kupitia simu: visumeno vya betri vya mkono mmoja, inchi 4 au 6, vinavyoonyeshwa kwenye video vikikata gogo kama siagi. Betri imeandikwa 48V, nyingine 88V. Fungua uone, ndani kuna seli tano. Seli moja ya lithiamu ikijaa kabisa inafika volti 4.2. Tano ni 21. Hizo nyingine 27 au 67 ziko kwenye stika. Kwa kupogolea parachichi, kahawa au ua wa nyumbani, kisumeno cha betri cha kampuni inayoeleweka ni kifaa kizuri, sina ugomvi nacho, kuna Stihl wana kimoja kinaitwa GTA 26 chenye baa ya sentimita 10. Lakini mkaratusi mbichi wa sentimita 30, saa tisa usiku, betri ambayo mara ya mwisho ilichajiwa Krismasi? Hapana. Ukitaka ya betri ya kazi hiyo, inabidi ununue ile kubwa yenye betri nzito na chaja yake, na gharama yake inapita ya petroli. Kisha uwe mtu wa kukumbuka kuchaji. Wewe unajijua.

Na wapo ambao nawashauri wasinunue chenso yoyote. Ukiwa na bodaboda, au gari lako linapita barabara ya lami tu ambayo wahusika wanafika haraka, nunua msumeno wa upinde wa inchi 24 wenye blade ya mti mbichi, shoka lenye mpini mzima, na kamba ya mita 20. Watu wawili wakipokezana wanamaliza gogo la sentimita 20 kabla mwenye chenso hajapata plagi kavu. Hauna petroli, hauna kelele, na hakuna askari atakayekuuliza. Duka halitakushauri hivyo kwa sababu faida yake ni ndogo.

Tuje kwenye kubeba. Hapa nina hasira zaidi kuliko hata kwenye ukubwa, kwa sababu naona mambo ya kutisha. Petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa miguuni mwa abiria, mfuniko umezibwa kwa kipande cha nailoni. Ndugu yangu, chupa ile haikutengenezwa kwa petroli, inalegea na kuvimba juani, na mtoto mwenye kiu hatasoma herufi ulizoandika kwa makapeni. Nunua dumu dogo la mafuta lenye mfuniko wa kukaza na mpira ndani. Lita moja au mbili zinatosha. Likae nyuma kwenye bodi, limefungwa lisitembee, kamwe lisikae kwenye kibini na watu. Kama gari lako ni Noah inayopakia abiria, mafuta hayapandi humo kabisa. Chenso iende na tangi tupu, mafuta uyapate njiani kwa mwenye dumu.

Mafuta yaliyochanganywa hayakai mwaka. Baada ya kama mwezi mmoja yanaanza kuharibika, na yakiachwa ndani ya tangi yanaacha ulimbo kwenye kabureta. Ndiyo sababu chenso "ilikuwa nzima juzi" haiwaki siku ya mvua. Ukimaliza kazi, mwaga tangi, iwashe tena mpaka izime yenyewe. Masika yakianza, changanya mafuta mapya kidogo, na yakipita siku 30 hayajatumika, mpe mwenye chenso anayefanya kazi kila siku ayamalize. Kuhusu kipimo, fuata kitabu cha mashine yako. Wakisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Wakisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa linapima vizuri kuliko kizibo cha soda. Oili iwe ya tustroki. Oili ya bodaboda ni ya fostroki, ukiichanganya kwenye petroli ya chenso unaitengenezea msiba.

Kuna tangi la pili, la oili ya mnyororo, na wengi wanalisahau mpaka baa itoe moshi. Kila unapojaza petroli, jaza na oili. Usitumie oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ya gari, ina unga wa chuma na itakula pampu. Kujua kama oili inafika, elekeza ncha ya baa kwenye gogo jeupe au karatasi, karibu bila kugusa, ipe mafuta: mstari wa matone ujitokeze. Oili hii huvuja mashine ikilala, hilo si ugonjwa, weka gunia chini yake.

Mimi ya kwangu inakaa kwenye sanduku la mbao nililotengenezewa na seremala, linafungwa nyuma ya pikipiki. Ndani kuna mfuniko wa baa, mnyororo wa akiba, plagi, spana ile ya kichwa mbili, tupa, miwani, glavu na kamba. Tupa nayo ina saizi: mnyororo mwembamba wa inchi 3/8 unaokuja na ndogo nyingi hutaka tupa ya duara ya milimita 4, wakati zile za 5800 huja na mnyororo wa .325 unaotaka milimita 4.8. Ukinunua mnyororo wa akiba, usiseme tu "nataka wa inchi 14". Hesabu vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa baa, uende na namba hiyo pamoja na ule wa zamani mkononi. Wa inchi 14 wa mashine moja unaweza usiingie kwenye ya mwenzake.

Sasa mti umelala mbele yako. Kabla ya kuwasha chochote, angalia juu na kuzunguka. Ukiona waya wa umeme umeguswa na tawi, hata kama kijiji kizima kina giza, kazi hiyo si yako. Rudisha watu nyuma, piga simu TANESCO, mzigo uoze. Nimesema uoze.

Halafu angalia mti umelalia nini. Shina lililolala kama daraja, huku ukingo na huku ukingo, limekandamizwa upande wa juu na limevutwa upande wa chini. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, litabana baa katikati na utaiacha hapo. Anza juu, kata kama theluthi moja, kisha malizia kutoka chini ukipandisha taratibu, mwili wako ukiwa pembeni. Shina lililoning'inia upande mmoja ni kinyume chake: anza chini theluthi moja, malizia juu. Kama ukingo una mteremko, simama upande wa juu, kwa kuwa gogo likikatika litafuata mteremko na halitauliza nani yuko chini.

Kuna kitu kingine kinaua, nacho hakionekani kama hatari. Mti ulioanguka na mizizi yake, bonge la udongo limesimama kama ukuta wa nyumba. Watoto hupenda kukaa nyuma ya bonge hilo kwa kuwa linawakinga mvua. Ukikata shina, uzito uliokuwa ukililaza bonge umeondoka, na linaweza kurudi shimoni kwa kishindo na kila aliye nyuma yake. Kabla ya kukata, zunguka uangalie. Weka mtu mzima mmoja pale ambaye kazi yake ni kuwazuia watu, si kutoa maoni. Kata mbali na mizizi, acha kipande kirefu cha shina kwenye bonge.

Usikate kitu kilicho juu ya bega lako. Usikate kwa mkono mmoja hata kama kwenye video wanafanya hivyo. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini wa mbele. Miwani ivaliwe, na kama huna buti, angalau usiwe na kandambili. Nimeona kandambili.

Mwisho ni habari ya sheria, ambayo wauzaji hawaigusi. Huku tumezungukwa na misitu ya hifadhi, Magamba ikiwa mojawapo. Chenso kwenye gari karibu na hifadhi inazua maswali, na ni haki yao kuuliza. Kabla ya kununua, pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ya wilayani kwako, uulize utaratibu wa kumiliki na kusajili chenso. Usiulize dukani. Tembea na nakala ya risiti yenye namba ya mashine. Ya inchi 14 yenye mfuniko na risiti inaeleweka haraka kuliko limashine la kupasulia lililofichwa chini ya turubai, hilo hata mimi nikiwa kizuizini ningelikamata.

Na magogo uliyoyakata yasogeze pembeni uyaache. Mti ulioanguka barabarani una mwenyewe: ni wa mkulima wa pale juu, au wa barabara, au wa hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayesafirisha mazao ya misitu, na "nilikuwa nafungua njia" haitakusaidia ukikutwa na vipande sita vya mwati juu ya kabichi. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji kwamba mmefungua njia mahali fulani, ili awape taarifa TARURA au TANROADS kulingana na barabara ni ya nani, waje wamalizie na kuangalia kingo.

Yule mfanyabiashara wa kabichi nimekutana naye tena. Limashine lake limewaka mara mbili tangu alinunue, na mara zote ilikuwa uani kwake. Ameniomba nimtafutie mteja. Sijampata, na kwa kweli simtafuti kwa bidii, kwa sababu sitaki kulihamishia kwa mtu mwingine. Siku ya gulio nitakuwa Soni asubuhi, chini ya mti karibu na wauza matenga. Mwenye chenso ndogo aje nayo pamoja na tupa yake tunoe, nitawaonyesha pembe. Mje na tangi tupu.